Baba Mkwe Bondeni

Bustani ya Scholastica, pale Nkende, ilikuwa nyuma ya choo, na mwenyewe aliiita "shamba langu" bila kuona haya. Magunia machache ya sukuma wiki, ndoo mbovu zenye vitunguu vya majani, na mchicha uliomwagiliwa maji ya kuoshea vyombo mpaka ukanuka sabuni. Kuku walikula nusu, mbuzi wa jirani akamalizia iliyobaki, halafu Scholastica akasimama mlangoni, mikono kiunoni, kuwaambia wapita njia kwamba mwanamke mwenye akili halimi mbali na jiko lake.

Aliyemwagilia hayo magunia alikuwa Robi, mke wa mwanawe. Alimwagilia, akachuma, akapika, na siku wageni walipoisifu mboga, aliyeitikia asante alikuwa Scholastica. Mume wa Robi, Sylvester, alikuwa Nyamongo akichimba dhahabu asiyoiona, na nyumbani alirudi kulala tu. Kwa hiyo kikundi cha wakulima kilipogawa vipande vya mboga bondeni, kando ya kijito, Robi alijiandikisha bila kuomba ruhusa ya mtu, akapata chake. Kikundi kilikuwa na sheria moja ya maana: kipande kikikutwa na magugu siku ya ukaguzi, kinapewa mwingine, hata mwenyewe alie machozi ya damu.

Robi alikipenda kile kipande kuliko kitu chochote cha nyumba ile. Udongo wake ulikuwa mweusi, maji yako hapo hapo, na sukuma ilitoa majani mapana mpaka wanunuzi wa sokoni Tarime wakawa wanamfuata wenyewe. Zaidi ya yote, hapakuwa na mtu wa kumwambia jembe lishikwe vipi.

Roho ilimuuma Scholastica.

"Mboga za bondeni!" alimwambia mumewe. "Ng'ombe wa Nkende nzima wanakojoa humo humo. Sisi tuna bustani hapa nyumbani, yeye anatuaibisha huko kama mtoto wa watu wasio na boma. Nenda ukamrudishe."

Mzee Nyangwine alikuwa mtu wa kujivunia ng'ombe, ingawa ng'ombe wenyewe walishakwisha zamani, na kwake majani ya kijani yalikuwa chakula cha mbuzi. Hata hivyo alikwenda, akaomba kipande kilichopakana na cha mkamwana wake, kilichoachwa na mtu aliyehamia Sirari. Akapewa. Asubuhi iliyofuata alifika bondeni na kofia, fimbo na kigoda. Jembe hakuja nalo. Akaweka kigoda mpakani, akaketi, akatulia.

Kazi yake ilikuwa hiyo tu, na alijua anachofanya. Kwa Wakurya mkamwana hapiti karibu na baba mkwe, hamtazami usoni, sembuse kumgeuzia mgongo na kuinama. Na hakuna binadamu anayepalilia mboga amesimama wima kama askari wa gwaride. Robi akasimama kwenye migomba na jembe lake, akimsubiri mzee aondoke. Mzee hakuondoka. Kesho yake akawahi tena, na keshokutwa, huku magugu yakipanda kwa raha zao na siku ya ukaguzi ikikaribia. Robi alitamani kulia, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Akamwendea mwenyekiti wa kikundi, Awiti, mama wa Kijaluo mwenye sauti kubwa.

"Yawa!" Awiti alicheka mpaka akashika ubavu. "Yaani mzee kukaa tu kwenye kigoda ndiyo imekufunga mikono?"

"Ni insoni, mama mwenyekiti. Heshima ya ukwe. Nikiinama mbele yake nimeuvunjia ukoo mzima heshima."

"Sawa, mimi mambo yenu siyajui. Lakini hiyo heshima inakushika wewe peke yako? Yeye haimshiki?"

Swali hilo lilimfungua Robi macho. Muda wote huo alikuwa ameibeba aibu peke yake, na mwenzake ameketi.

Asubuhi alishuka bondeni. Watu walikuwa wengi, kila mmoja akisafisha kipande chake kwa ajili ya ukaguzi. Alisimama mbali, macho chini, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Tata, nakuja kupalilia. Nitainama."

"Palilia," mzee alikiambia kijito, akitabasamu. "Nani amekukataza?"

Robi akakunja kitenge mpaka magotini, kama wafanyavyo wote kwenye tope lile, akaingia kipandeni, akageuka, akainama.

Majembe yalinyamaza bonde zima. Watu hawakumtazama Robi. Walimtazama mzee, kuona kama ataendelea kuketi. Mwanamume anayekodolea macho mgongo wa mkamwana wake hana rika litakalokaa naye kwenye pombe, na Nyangwine alilijua hilo kuliko wote. Alishtuka kama aliyekalia siafu, akajifunika uso kwa kofia, akakimbia bila kuona aendako, katikati ya vitunguu vya Awiti. Kigoda alikiacha. Robi hakuinua kichwa. Jembe lilikuwa linakwenda.

Jua halijapanda sana, Scholastica akatokea, anahema.

"Umemvua nguo mzee wa watu!" alipiga kelele. "Utaleta mbuzi wa kusafisha hiyo aibu, mbele ya wazee!"

Robi akanyooka, akashusha kitenge chake vizuri.

"Nitamleta, mama," alisema kwa upole. "Ila wazee watauliza. Mwambie baba ajiandae kuwaeleza alikuwa ameketi pale siku zote hizo akiangalia nini."

Scholastica alitazama huku na huku. Watu wote wa bondeni walikuwa wanangoja jibu lake. Akaokota kigoda cha mumewe, akaondoka.

Habari ya mbuzi haijasikika tena Nkende.