Makaa ya Talghuda

Mama yangu, Rebiha, alikuwa na miaka kumi njaa ya mwaka arobaini na tano ilipozikumba nyanda za Setif. Sisi wanawe tulilijua neno talghuda, ila nyumbani halikutamkwa. Ni kiazi cha porini, mviringo, hakizidi zeituni kwa ukubwa, nacho hufukuliwa na nguruwe mwitu. Mwaka ule watu wetu walikichimba, wakakikausha, wakasaga unga wakala. Shuleni, ukitaka kumtukana mtu pamoja na ukoo wake, ulimwita mla talghuda.

Mimi nilisoma mpaka chuo kikuu, na mwaka themanini na nane nikapata kazi katika uchimbaji wa mabaki ya kale huko Ain Meddur, mwendo wa saa moja kutoka kwetu. Zamani za utawala wa Roma pale palikuwa na shamba kubwa la ngano. Sisi tulichimba vibanda vya vibarua. Kazi yangu ilikuwa kuchota majivu ya meko yao, kuyaosha kwenye chekecheo, na kutambua kila punje iliyoungua ikabaki makaa: walikula nini watu wale.

Ngano haikuonekana, labda punje mbili tatu. Shayiri ilikuwepo, na kokwa za zeituni. Lakini kilichojaa kila meko kilikuwa vidonge vyeusi vya mviringo, vingine vimepasuka katikati. Ustadh Lakhdar, mkuu wetu, alisema ni kinyesi cha mifugo kilichotumika kama kuni. Alikuwa anaandika kwamba vibarua wa Kirumi walishiba mkate wa ngano waliyoilima, na alikuwa na haraka. Mimi nilivishuku vile vidonge tangu wiki ya kwanza. Ila kusema kwamba navijua kulikuwa sawa na kusema nilikotoka mimi, kwa hiyo nikaandika kwenye bahasha za kuvihifadhia: kinyesi.

Mwezi wa tano tulikaribisha watu waje kutazama. Walikuja walimu na wakubwa wa mjini, wakapanga mstari mbele ya meza yangu. Mama alikuja bila kuniambia. Alivaa kanzu yake ya maua ya kuendea harusini, na mkononi alikuwa na mkate wa kesra, bado vuguvugu, kaufunga kwenye kitambaa. Alifika mezani kabla sijajua la kufanya. Aliinama juu ya sinia, akashika kidonge kimoja, akakigeuza.

"Hii talghuda," alisema. "Imeachwa motoni ikaungua. Na sisi ilikuwa inatuungulia."

Fauzi, mwenzangu aliyetoka mji mkuu, akacheka. "Mama, hicho si chakula cha nguruwe?"

Wageni wakacheka naye. Ustadh Lakhdar hakucheka. Alinigeukia, akaniuliza kwa upole kama namfahamu yule mama.

"Ni mama mmoja wa vijijini huku," nikasema.

Mama alikuwa karibu nami kiasi kwamba nilisikia harufu ya moshi kwenye nguo zake. Alikirudisha kidonge mahali pake taratibu. Akamwambia Ustadh, "Unisamehe, mwanangu, macho yangu yamezeeka." Akaacha kesra pembeni ya meza, akaondoka na kuteremka kilima. Fauzi aliumega ule mkate, akausifu, akanipa kipande. Nilikila. Nilisimama pale nikakitafuna mbele ya watu nikakimaliza.

Nilikaa majuma mawili bila kwenda nyumbani. Nilipokwenda, Mama alinipakulia chakula, akaniuliza habari za kikohozi changu, lile jambo hakuligusa. Ningeona nafuu kama angenitukana. Mwishowe nikamwomba anipeleke shambani anionyeshe talghuda inavyochimbwa. Akasema, "Mimi nilishachimba fungu langu. Nenda wewe."

Nikaenda peke yangu. Nilitafuta maua yake meupe kando ya shamba la shayiri, nikachimba kwa mikono mpaka kucha zikauma. Viazi vile nilivichoma ndani ya kopo, nikavikata, nikaviweka chini ya hadubini pamoja na vya kwenye meko. Vilifanana kila mshipa.

Siku iliyofuata nilivipeleka kwa Ustadh, Fauzi akiwepo. Nikaeleza ni kitu gani. Kisha nikasema kwamba mama wa siku ile ni mama yangu mzazi, na kwamba nilimkana kwa kuona haya. Fauzi alitazama chini. Ustadh Lakhdar akaniuliza ni bahasha ngapi nimeandika kinyesi. Nilipomwambia ni zote, alivua miwani akajisugua macho. Akasema tuzifungue upya, moja moja, na maneno yake ya mkate wa ngano akayafuta. Taarifa ikatoka hivi: watu waliolima ngano ya Roma walikula shayiri, na ilipopungua walichimba talghuda.

Kilipochapwa kitabu cha taarifa ile nilimpelekea Mama. Hajui kusoma. Aliniuliza jina lake liko wapi, nikamwekea kidole chake juu ya jina.

"Hapo pameandikwa mimi ni nani?"

Nikamsomea: Bi Rebiha, mkazi wa kijiji cha jirani, ndiye aliyekitambua kiazi hiki.

Nilikuwa nimeiandika sentensi ile kwa mkono wangu, nikaisahihisha mara mbili. Ndivyo vitabu vyetu huandikwa, na wala haikunijia akilini kuandika vingine.

"Mkazi," alisema Mama. Akakifunga kitabu, akakiweka juu ya kabati, akaenda kuwasha jiko.

Baadaye nilikishusha, nikaongeza kwa kalamu pembeni ya ukurasa: mama yangu. Lakini nakala nyingine zilikuwa zimeshatumwa vyuoni, mpaka ng'ambo, na huko amebaki mkazi.