Wino Mwekundu wa Joram

Joram alifariki Alhamisi, mwezi wa pili, kabla ya saa nne asubuhi. Niliporudi nyumbani kutoka hospitalini, miwani yake ilikuwa bado juu ya madaftari kumi na moja. Mume wangu aliyajaza miaka ya themanini, alipomfanyia kazi profesa mgeni aliyechunguza maisha ya wanawake wa soko la Kibuye.

Miezi mitatu baadaye akaja Naswa, mhadhiri wa chuo kikuu. Anaandika historia ya utafiti wa jamii huku kwetu ziwani. Alinieleza kwamba siku hizi wasomi wanabishana sana: wasaidizi kama Joram walikuwa watafiti, au mikono tu ya wageni? Alipiga picha kurasa, akaenda. Baadaye akaniletea sura moja ya kitabu chake. Niliisoma mara mbili. Ilisema masahihisho ya wino mwekundu yaliyomo madaftarini yalikuwa ya profesa, na kwamba Joram "alinyamazishwa".

Nikampigia simu. "Wino mwekundu ni wa Joram mwenyewe."

"Mama, pole. Lakini mambo yalikuwa hivyo kila mahali. Nitahitaji ushahidi."

"Njoo Kibuye Jumanne. Uvae viatu vya matope."

Nilimpeleka kwa Mama Dorca, anayeuza mitumba tangu nikiwa msichana. Naswa akamsomea ukurasa wake katika daftari la nne: kwamba mumewe ndiye aliyempa mtaji. Maneno hayo yamekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake pameandikwa, "Aliuza kuku wake."

Dorca alicheka mpaka akakalia belo la nguo. "Mtaji gani? Huyo alinisaidia kula tu! Siku ya kwanza Joram aliponihoji, mume wangu alikuwa amesimama hapo, ningesema nini? Joram akarudi wiki iliyofuata kunisomea alichoandika. Nikamwambia, Bwana, kata hiyo. Akakata hapa hapa. Sisi wote aliturudia hivyo."

"Na profesa?" Naswa akauliza.

"Huyo? Mvua ikinyesha hatukumwona."

Naswa alifunga daftari polepole. "Mama, nilitaka kumtetea."

"Mtetee kwa kazi aliyoifanya," nikamwambia.

"Mtu mmoja hatoshi. Wasomi wenzangu wataniuliza."

"Basi tutafute wengine."

Sura hiyo inaandikwa upya. Kila Jumanne mimi na Naswa tunawatafuta wanawake waliotajwa katika madaftari. Tumepata wanne, wawili wako mtaa wa Manyatta.