Kikao Kilichosusiwa

Diwani wa milimani alikuwa bingwa wa kususa. Baraza la mkoa likimnyima jambo, alikusanya faili zake, akawakonyeza wenzake, wote wakatoka kwa kishindo mpaka koridoni. Akidi ikivunjika, shughuli zinasimama. Hapo katibu wa baraza, mzee mwenye subira ya ajabu, angewafuata na kuwabembeleza: "Waheshimiwa, rudini basi, tutaelewana." Wakirudi ndani, hawakosi cha nyongeza.

Siku ya kugawa fedha za barabara na mabasi, wakarudia mchezo uleule. Madiwani wa bondeni walikuwa wamepata stendi mpya. Milimani walitengewa lami mpaka darajani, yaani nusu ya njia. Diwani alitaka ifike juu kabisa, kwa dada yake. Dada huyo ndiye aliyemlea, na sasa figo zilikuwa zimemchosha. Kila akienda hospitali, alishuka mlima mzima kwa miguu kulifuata basi.

"Nusu barabara ni matusi!" diwani akafoka, akatoka.

Koridoni walipiga soga na kucheka. Mwishowe mmoja akauliza, "Mbona leo hatufuatwi?"

"Waache kwanza watokwe jasho," diwani akajibu.

Masikini, alisahau kwamba yule mzee alikuwa amestaafu. Katibu mpya, mwanamke asiye na mchezo, alitazama saa ya ukutani, akangoja muda unaotakiwa na kanuni, kisha akamshauri mwenyekiti afunge kikao. Mwaka wa fedha ulikuwa ukingoni. Kabla hawajakutana tena, wizara ilikwisha kuzipeleka fedha zile mkoa mwingine. Stendi hakuna, barabara hakuna, hata ile nusu.

Na nusu ile, jamani, ingemtosha mgonjwa! Basi lingepanda mpaka darajani, naye angebakiwa na nusu tu ya mteremko. Diwani alilijua hilo wakati anainuka kitini, na bado akainuka. Hilo ndilo lililomtafuna moyo.

Alipokwenda kumweleza dada yake, alimkuta sebuleni anakunja mashuka. Vyombo vilikuwa vimeshafungwa.

"Nahamia kwako mjini," dada akasema. "Miguu imegoma. Nyumba nimemwachia jirani, na kuku wale pia."

Diwani akaketi juu ya furushi. Ndiyo nyumba aliyokulia.

"Dada, nisamehe."

"Nimesikia redioni kwamba mlitoka nje. Sasa huko nje mlikuwa mnangoja nini?"

Alitaka kusema msimamo, haki ya wananchi, maneno yale ya jukwaani.

"Kubembelezwa," akasema.

Afadhali dada angemtukana. Alimtazama tu, kwa huruma, kama anayetazama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni.

"Basi mimi ndiye niliyekuharibu," akasema. "Ulikuwa ukisusa chakula, nakufuata uani na sahani. Laiti ningekuacha ulale na njaa, hata siku moja tu."

Kisha akamwomba ashike upande wa pili wa godoro.