Viatu Hubaki Kaunta

Habari ile ilizunguka kwenye simu za watu kabla haijafika kanisani. Tovuti moja inayoorodhesha miji kwa kiwango cha uhalifu ilikuwa imeuweka mji wa Larrabee, Ohio, miongoni mwa miji ya ukubwa wa kati isiyokalika Marekani nzima. Kufikia Jumapili mchana, karibu kila mkazi wa upande wa mashariki alikuwa ameshapigiwa simu na ndugu wa mbali kuulizwa kama bado yu hai.

Verlene Mabry alipigiwa na dada yake aliyehamia Atlanta.

"Hivi wewe unangoja nini huko?"

"Nangoja Jumamosi," Verlene akamjibu. "Jumamosi watoto wanakuja kuteleza."

Alikuwa mjane mwenye miaka sitini na saba, mwenye ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu pale mtaa wa Vandalia. Jengo lilikuwa la matofali, paa lake likivuja pembeni, lakini sakafu yake ya mbao iling'arishwa hadi taa zikaonekana chini kama juu. Watu walichumbiana pale, wakaja kuleta watoto wao, na sasa wajukuu. Nje, mambo yalikuwa yamekwenda kombo tangu kiwanda cha matairi kifungwe. Nyumba zilipigiliwa mbao madirishani, na watu walipigwa risasi kweli. Verlene hakubisha hilo. Alikuwa amekwishapika chakula cha misiba mingi mno. Alichobisha ni kuambiwa kwamba huko hakuna kitu kingine. Ndani ya ukumbi wake, tangu enzi za marehemu mumewe Lucius, damu iliyomwagika ni ya magoti tu.

Na hilo halikutokea kwa bahati. Ukiingia, unavua viatu vyako unaviacha kaunta, hata kama umekuja na magurudumu yako mwenyewe. Huvipati mpaka unapokwenda nyumbani.

"Aliye kwenye magurudumu," Verlene alikuwa akiwaambia wageni, "akirusha ngumi anaanguka yeye kwanza."

Jumatano, mjumbe wa baraza la jiji aitwaye Garland Stoddard alileta hoja: kumbi zote za burudani upande wa mashariki zifungwe saa kumi na mbili jioni, kwa ajili ya usalama. Kura ingepigwa Jumanne. Kwa ukumbi unaoishi kwa jioni za Jumamosi, hiyo ilikuwa hukumu ya kifo, na kila mtu alilijua hilo.

Jumamosi ukumbi ukafurika, kana kwamba watu wamekuja kuaga. Miongoni mwao alikuwamo Tavaris Goins, kijana wa miaka kumi na tisa, ambaye Verlene alimjua tangu akiambaa ukutani kwa kuogopa kuanguka. Kiangazi kilichopita binamu yake, Jerell, alipigwa risasi ya mgongo. Sasa hakutembea tena, alikuwa wa kitini. Ilisemekana ndani ya gari lililofyatua risasi alikuwamo kaka wa kijana mwingine, Deshon Rucker. Hakuna aliyeweza kuthibitisha. Na Deshon naye alikuwapo siku hiyo.

Walikutana kwenye kona, karibu na spika. Deshon alikuwa akicheka na wenzake. Tavaris akamsukuma, magurudumu yakawaponyoka, wote wawili wakaenda chini kama magunia. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na kicheko kile kikamchoma Tavaris kuliko kofi. Akajivuta hadi kaunta.

"Bi Verlene, nipe viatu vyangu."

"Unaondoka?"

"Nakwenda kwenye gari mara moja. Narudi."

Verlene akauweka mkono juu ya viatu.

"Kama unarudi, viatu vya nini?"

"Nipe viatu vyangu, bi mkubwa!"

"Sikupi."

Tavaris akageuka, akausukuma mlango, akatoka hivyo hivyo na magurudumu yake. Verlene akamwita Hosea, mpiga muziki. "Washikishe watu mikono, wote, duara moja. Deshon muweke katikati, na asitoke mtu mpaka nirudi. Halafu mpigie simu mama yake Deshon aje amchukue mlango wa nyuma." Kisha akachukua koti.

Maegesho yalikuwa mashimo matupu, theluji imeganda juu yake. Akamkuta Tavaris ameshaanguka mara mbili, suruali imechanika gotini, anajikokota kati ya magari kuelekea gari lake. Verlene akampita, akaketi chini kwenye barafu, mgongo akauegemeza kwenye mlango wa gari lile.

"Toka hapo."

"Nimeshakaa. Siwezi kuinuka mpaka uniinue."

"Sikutanii, Bi Verlene."

"Na mimi nakutania? Nina nyonga ya chuma, nimekaa kwenye barafu, na mate yananiganda mdomoni. Hii sura ya utani?"

Tavaris akapiga gari ngumi. Verlene hakusogea. Alijua kilichokuwa chini ya kiti mle ndani kana kwamba amekiona.

"Alinicheka," Tavaris akasema. "Kila asubuhi namvalisha Jerell soksi. Miguu yenyewe haijui kama inavalishwa. Halafu yule anacheka!"

Verlene akalivuta koti hadi magotini. Hakuwa na dawa ya jambo lile, na hakutaka kujifanya anayo.

"Jerell yuko wapi leo?"

"Nyumbani. Yuko wapi tena?"

"Mbona hujamleta?"

"Aje afanye nini? Aangalie wenzake?"

"Tavaris, kiti chake si kina magurudumu?"

Kijana akamkodolea macho kama mtu aliyetukanwa. Kisha ikamtoka sauti, nusu kicheko nusu kikohozi, na kabla hajaizuia ikageuka kilio. Akalia pale pale amepiga magoti, makamasi yanamtoka, na Verlene akamshika kisogo kama alivyowashika wanawe.

"Sasa niinue, mwanangu, nisife hapa wakaniongeza kwenye takwimu."

Akamwinua. Ilichukua muda, kwa sababu magurudumu yaliteleza, wakaanguka tena wote wawili. Kabla hawajaingia ndani Verlene akafungua kiganja. Tavaris akamwekea funguo za gari.

Kesho yake alasiri Jerell aliletwa. Hosea aliyafuta magurudumu ya kiti kwa kitambaa, na Tavaris akamsukuma raundi ya kwanza taratibu, ya pili kasi. Raundi ya tatu Jerell akamfukuza: "Niachie, bwana, unanipunguzia mwendo!" Akaenda mwenyewe, mikono inachapa magurudumu, na watoto wakamfuata mkia mrefu wakipiga kelele.

Jumatatu, Verlene na Tavaris walikwenda pamoja kwenye kanisa linalopokea silaha za kusalimishwa. Kuhusu yaliyosemwa njiani, Verlene hakumwambia mtu.

Jumanne ukumbi wa baraza ulijaa hadi ngazini. Kapteni wa polisi, Whitlow, alionyesha ramani yenye nukta nyekundu, moja kwa kila aliyepigwa risasi, na upande wa mashariki ulionekana kama mwenye surua. Verlene alizungumza juu ya sakafu, marehemu Lucius, na ndoa zilizoanzia pale. Habari ya maegesho hakuigusa. Asingemuuza mtoto wa mtu kwa ajili ya kura.

Tavaris akasimama mwenyewe.

"Jumamosi mimi nilikuwa niwe nukta kwenye ramani hiyo," alisema. "Mimi na mtu mwingine. Nilinyimwa viatu vyangu. Basi, ni hivyo tu. Mkifunga pale, nani atatunyima viatu?"

Watu wengine walicheka, wengine wakainamisha vichwa. Mjumbe mmoja akamwomba kapteni aonyeshe Vandalia iko wapi. Whitlow akaitafuta, akaweka kidole. Chini ya kidole chake, na kando yake pote hadi barabara ya pili, hakukuwa na nukta hata moja. Akaikazia macho ramani yake mwenyewe kama mtu anayeiona leo.

Hoja ikaanguka. Stoddard peke yake ndiye aliyeinua mkono, tena nusu nusu.

Tavaris na Deshon hawakupatana, wala Verlene hakuwalazimisha. Aliwagawia siku: huyu Jumamosi, yule Jumapili, na atakayebisha asije kabisa.

Usiku huo wa kura, ngazini, mwandishi wa gazeti kutoka mji mkuu wa jimbo alimsogelea Verlene. Akamuuliza kama hatimaye, baada ya yote haya, anafikiria kuhama.

"Andika jina langu kwanza," Verlene akamwambia. "Verlene Mabry, wa mtaa wa Vandalia, upande wa mashariki. Umeandika Vandalia? Hebu nione."

Akavaa miwani, akasoma, akamrudishia daftari.

"Herufi ya kwanza ya Vandalia iwe kubwa. Ni kwangu pale."