Tonge la Komando

Mbwa anaitwa Komando halafu anaogopa radi! Siku mume wangu Asajile alipomleta kutoka Tunduma nilicheka mpaka nikakaa chini. Jibwa kubwa kama ndama, limelinda yadi ya malori kule Mpemba tangu lilipokuwa dogo, lakini wingu likinguruma tu linajikojolea.

Kicheko kiliisha mvua za kwanza zilipofika huku kwetu Ileje. Radi ilipiga, Komando akatafuna mlango wa jiko mpaka akatoka, akamng'ata jirani yangu Fides aliyekuwa amekuja kuomba chumvi. Wanaume wakaja na mipini ya majembe. Asajile akawaomba wasubiri, akaenda kumwona Hezron, daktari wa mifugo, rafiki yake wa tangu shule. Hezron akasema mbwa yule hana ubaya wowote, ana hofu, na hofu ina dawa. Akatoa vidonge vya njano vya kutuliza. Nikiona mawingu yanajikusanya nivisage, nivifiche ndani ya chakula, Komando ale kabla radi haijaanza.

"Lakini nisikilize vizuri, shemeji," aliniambia kwenye simu. "Dawa hii inashusha presha. Mtu asiionje. Na kama ana presha na anakunywa vidonge vyake, ndiyo kabisa, anaweza kulala asiamke."

Mwenye presha nyumbani kwangu alikuwepo. Baba mkwe.

Sasa nieleze kidogo, maana vijana wa siku hizi wanacheka mambo haya. Sisi Wandali, kwa wazee walioshika desturi, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Nikimwona njiani naingia shambani. Yeye akinisikia nakuja anageukia ukuta. Simsemeshi, hanisemeshi, na jina lake silitaji, hata kanisani likisomwa natazama chini. Nimeolewa mpaka mwanangu Goodness yuko darasa la nne, na uso wa mzee yule sijawahi kuutazama sawasawa. Asajile anafanya kazi mpakani, anarudi mwisho wa wiki. Siku nyingine zote tupo sisi, kila mtu na nyumba yake, ua katikati.

Chakula chake naweka juu ya kigoda katikati ya ua, nakohoa, naondoka. Akisikia kikohozi anatoka, anachukua. Na akiwa na neno anamwambia Komando, kwa sauti ya juu nisikie.

"Komando, mwambie mama yako mboga ya leo ina chumvi ya kutosha kijiji kizima."

Nami namjibu Komando. "Mwambie babu kesho nitapika bila chumvi kabisa, tuone."

Basi tunaishi. Kusema kweli huyo mbwa ndiye alikuwa mdomo wetu, na ndiyo maana mzee alipiga marufuku kumuua.

Siku hiyo Goodness alikuwa shuleni. Mchana anga likawa jeusi upande wa Malawi, nikajua leo kuna kazi. Nikavisaga vidonge kama Hezron alivyoelekeza kwa mbwa wa ukubwa ule, nikavichanganya na kipande cha nyama, nikakifunika kwa tonge kubwa la ugali, nikalifunga kwenye jani la mgomba. Nikatoka kumwita. Komando hayupo! Ameshaingia uvunguni mwa kihenge cha mahindi, anatetemeka, macho tu yanaonekana. Nikaweka lile jani juu ya kigoda kuku wasilifikie, nikapiga magoti kumvuta mguu. Kagoma! Nikarudi jikoni kuchukua kamba.

Kuni zilikuwa mbichi. Moshi ukanipalia, nikakohoa.

Ndugu zangu, nilikohoa.

Nilipotoka na kamba yangu nikamwona baba mkwe amesimama pale kwenye kigoda, amenipa mgongo, jani limefunguliwa mkononi, shavu limejaa, anatafuna taratibu kama mtu aliyeletewa zawadi. Nikafungua mdomo, sauti ikagoma. Miaka yote nimeufundisha mdomo wangu kunyamaza mbele yake, na saa ninayouhitaji ukanitii kwa ujinga.

Nilipopata pumzi nikakimbilia njia niliyoizoea. "Komando! Mwambie babu ateme! Hiyo ni dawa yako!"

Mvua ikashuka wakati huo huo. Bati likaanza kulia, hata mimi sikujisikia. Mzee akalamba vidole.

"Baba!" nikapiga yowe. "Baba, teme!"

Hilo alilisikia. Akashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Akavuta koti kichwani, akaingia kwake mbio mbio, nikasikia komeo. Namwita aokoke, yeye ananikimbia!

Nikaenda mlangoni kwake, mahali ambapo mguu wangu haujawahi kufika, nikagonga kwa viganja vyote viwili. Nikamweleza kila kitu: dawa ya mbwa, presha, maneno ya Hezron. Nikamwambia jitapishe baba, nakuomba, tia kidole kooni. Nikasikia tu akisema kwa hasira, "Komando, mama yako amepatwa na nini leo?" Hakuwa ameelewa hata neno moja, bati lile lilimeza kila kitu. Nikapiga simu kwa Asajile, haipatikani. Kwa Hezron, haipatikani. Mvua ikija huku kwetu mtandao unakwenda kulala.

Niliogopa, jamani. Niliogopa mzee kufa. Na niliogopa watakavyosema. Mkamwana amempa baba mkwe chakula cha mbwa, chenye sumu. Nani angekubali kwamba ni kikohozi? Nikawa nagonga na kuomba, nagonga na kuomba. Mara ya kwanza aligonga chini kwa fimbo, kunifukuza. Halafu akawa hagongi tena. Halafu nikasikia kitu kizito kinaanguka.

Nilichukua mchi nikalipiga komeo mpaka likang'oka.

Alikuwa chini, pembeni ya kitanda, midomo imepauka. Nikamshika. Mikono yangu hii, kwenye mabega yake! Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na baridi. Macho yake yalifunguka kidogo, yakaniona, naye akajaribu kugeukia ukuta. Hata katika hali ile. "Hapana," nikamwambia, "leo hugeuki popote." Nikamtoa mpaka barabarani nikipiga mayowe, mvua inatupiga, mpaka mume wa Fides akatoka na pikipiki yake.

"Mama Goodness, umemshika mzee?" akasema, ametoa macho.

"Washa pikipiki, shemeji, au nitakuuma kuliko yule mbwa alivyomuuma mkeo!"

Akawasha. Mzee tukampakia katikati, mimi nyuma nimemkumbatia kifuani kwa nguvu zangu zote, kichwa chake begani kwangu. Barabara yote ni utelezi. Kila pikipiki ilipoyumba nilisikia moyo wake kwenye viganja vyangu, polepole, polepole mno, na mara nyingine nilidhani umesimama nikamfinya mpaka unipige tena. Tulipita watu waliojikinga mvua chini ya paa la duka, wakatuona. Mwanamke mmoja akaziba mdomo. Watazame tu, nikasema moyoni, watazame washibe.

Kituo cha afya muuguzi alikuwa Jenista, binti mdogo lakini mkono mwepesi. Nikamwonyesha pakiti ya dawa niliyoifunga kwenye pindo la khanga. Akasoma, uso ukabadilika. Akamlaza chali, akaniambia niinue miguu yake niweke juu ya mto, akatafuta mshipa, akafunga dripu. Akapima presha, akapima tena, hakuniambia ni ngapi.

"Mama, mwite," akasema. "Asizame. Mwite kwa jina lake, kwa nguvu, usiache."

"Baba," nikaita. "Baba. Baba."

Hakuna. Kope hazikutikisika hata kidogo.

"Jina lake, mama! Huyo hajui kama ni yeye unayemwita. Anaitwa nani?"

Nikaangalia mlango. Nilitaka mtu aingie, mtu yeyote, aliseme badala yangu. Hakuja mtu. Kifua cha mzee kikapanda kidogo, kikashuka, kikakaa chini muda mrefu. Jenista akaanza kuita mwenzake kwa hofu, na mimi nikasikia ile hofu yake ikiniingia mpaka kwenye mifupa.

"Alinanuswe!"

Ulimi uliwaka moto. Nikalisema tena. "Alinanuswe! Amka! Alinanuswe, usinifanyie hivyo!" Nililipigia kelele jina lile mpaka wagonjwa wa chumba cha pili wakaja kuchungulia, nikaendelea mpaka sauti ikakwaruza. Nililia nalo. Mbele ya watu, nimeshika miguu ya baba mkwe, namwita kwa jina kama mtu anayemwita mtoto kutoka mtoni.

Kifua kikapanda. Kikapanda tena. Jenista akapima, akatoa pumzi ndefu. "Inarudi," akasema. "Endelea."

Nikaendelea. Mvua ilikuwa imekatika kabisa ndipo kope zake zilipotikisika. Akafungua macho, akayaona mabati ya dari, akaniona mimi. Tukatazamana. Ana kovu dogo juu ya nyusi, sikuwa nalijua. Kisha taratibu, kwa shida, akageuza uso wake ukutani.

Nikaachia miguu yake, nikarudi nyuma ya pazia. Nilijua limekwisha. Mzee amepona, na mimi sina tena pa kuweka uso wangu katika nyumba ile.

"Komando," nikasikia.

Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. Jenista akainama. "Anaweweseka. Anamwita nani?"

"Mbwa," nikasema.

"Komando," akarudia mzee, akiuambia ukuta. "Mwambie mama yako jina langu amelichakaza leo. Tangu mama yangu afe, hakuna aliyeniita hivyo." Akapumzika, akavuta pumzi. "Mwambie asiende mbali."

Jenista akanitazama, hakuelewa kitu. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa khanga, machozi yananitiririka, na mbwa mwenyewe yuko kilometa kadhaa kutoka pale, uvunguni mwa kihenge.

"Komando," nikajibu kutoka nyuma ya pazia, "mwambie babu nipo hapa hapa."