Bi Mwatima Ashika Gobore

Tangu astaafu kuendesha basi, Abdulwakil alikuwa amenyamaza. Hakuwa mgonjwa wala hakugombana na mtu. Alikaa tu dirishani kwao Lewisham, jijini London, akiyatazama mabasi ya wenziwe yakipita. Mkewe, Bi Mwatima, alimjaribia kila kitu: bustani, kuogelea, hata kumtuma sokoni kwa vitu wasivyovihitaji. Alikwenda, akarudi, akakaa palepale.

Ijumaa moja akaja kuwasalimia Balwinder, Singasinga wa Kisumu aliyeendesha basi pamoja na Abdulwakil. Kwenye chai akawasimulia kuhusu klabu yake ya magobore, zile bunduki za zamani zinazoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomoni.

"Jumapili ni siku ya wageni," alisema. "Njooni mfurahi kidogo."

"Mie na bunduki wapi na wapi?" Abdulwakil alijibu.

"Tutakuja," Bi Mwatima akasema. "Kama yeye hataki kupiga, mie nitapiga."

Binti yao, Siham, aliposikia akapiga simu kutoka kazini, akamwambia mama yake kwa Kiingereza kuwa amerukwa na akili. Bi Mwatima akamuuliza kama lile koti lake la mvua bado analihitaji.

Uwanja ulikuwa nje ya mji, nyuma ya mashamba, na mbao za shabaha zilipangwa mbele ya tuta refu la udongo. Msimamizi, mama mmoja mrefu wa Kiingereza aitwaye Ann, aliwapa miwani na vya kuzibia masikio. Abdulwakil akaenda kukaa kwenye benchi la nyuma, mikono mfukoni.

Balwinder akamwonyesha Bi Mwatima namna ya kushindilia. Baruti ilipimwa kwa kikopo cha shaba na kumiminwa mtutuni. Ikafuata risasi ya mviringo iliyozungushiwa kitambaa, ikasukumwa kwa mdeki, ile fimbo ndefu, mpaka ikatulia chini. Mwisho fataki ya kuwashia baruti, kadogo mfano wa kofia ya sisimizi, ikavishwa chini ya nyundo.

Bi Mwatima akalenga, akavuta. Ta! Fataki ikalia peke yake.

"Usiigeuze!" Ann akasema. "Iache ielekee kulekule. Tungoje, huenda baruti ikawaka bado."

Wakangoja, Bi Mwatima akisoma dua. Ann aliporidhika, Balwinder akaweka fataki mpya.

Safari hii gobore liliitika. Mshindo ukamsukuma bega, na moshi mweupe ukawafunika wote, ukinuka kama viberiti elfu.

"Nimepata?" alipiga kelele kutoka ndani ya moshi.

Ann alitazama kwa darubini. Ubao wa Bi Mwatima ulikuwa safi. Wa mpigaji wa pembeni yake, Gurmit, binamu wa Balwinder, ulikuwa na tundu katikati kabisa.

"Umempata Gurmit!" Balwinder akatangaza.

"Yarabi! Nimeua mtu?"

"Ubao wake, Bi Mwatima! Ubao!"

Gurmit mwenyewe akainua mkono kuonyesha yu hai, akamshukuru kwa kumpigia risasi nzuri kuliko zake zote.

Nyuma yao ikasikika sauti ambayo Bi Mwatima alikuwa ameisahau. Abdulwakil alikuwa akicheka. Alijikunja kwenye benchi, akapiga mapaja, machozi yakamtoka mpaka akavua miwani. Mkewe akamtazama, naye akashikwa na kicheko hadi Ann akamwondolea gobore mkononi.

"Hebu nipisheni," Abdulwakil akasema, akiinuka. "Nikupigieni risasi ya maana."

Risasi ya maana ikaingia kwenye tuta. Akaomba nyingine. Njiani kurudi, Bi Mwatima akiendesha, Abdulwakil hakunyamaza hata kwenye taa nyekundu: baruti hivi, kitambaa vile, pengine alivuta pumzi vibaya.

Waliomba uanachama wote wawili, wakachunguzwa na polisi, wakafunzwa miezi kadhaa, Jumapili zao zikajaa. Majira ya joto klabu ikafanya mashindano ya wanachama wapya. Bi Mwatima akawa wa tatu. Abdulwakil akawa wa mwisho kabisa, na lilipoitwa jina la mkewe alipiga makofi kuliko uwanja mzima, kisha akamwambia kila aliyepita, "Yule mke wangu yule."

Wakaketi kwenye majani kula sambusa, nyuso zimepakaa masizi, wakibishana nani alimtikisa nani mkono wakati wa kulenga.