Kiti cha Nyuma cha Pijo

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya kwa moyo safi. Asubuhi ile, kwangu Kitengela, niliosha Pijo, gari kuukuu la baba, ndani na nje, nikafungua buti na kukuta mawe matatu makubwa ndani ya gunia. Nikayaburuta hadi getini, nikayaacha hapo. Nilijiambia mzee sasa amezeeka kweli, anabeba hata mawe.

Tulikuwa tunatimiza mwaka mmoja tangu mama yetu, Nakhumicha, atutoke. Kaburi lake liko nyumbani, ndani kabisa ng'ambo ya Isinya, na baba ndiye aliyetakiwa kulifunua jiwe la kaburi mbele ya watu. Mchungaji alikuwa na ibada nyingine Bisil, akasema wazi kwamba saa tano kamili anaanza, hata kama nani hajafika. Kaka yangu Ledama alitangulia na sufuria na viti kwenye gari lake jipya, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Alitaka kumbeba baba. Mzee Lemein akakataa katakata.

"Nilimleta mama yenu na hii," alisema akiigonga Pijo kwa fimbo. "Nitaenda kwake na hii."

Macho yake hayamruhusu tena kuendesha, basi mimi, Seleyian, nikashika usukani, naye akakaa kando yangu.

Kwenye lami hatukuwa na shida. Injini ilinguruma ule mngurumo wa utotoni, tuliousikia kabla gari halijaonekana, tukakimbizana kwenda kufungua lango la boma. Zamani zile hakukuwa na gari la kuipita Pijo ile upande wetu. Ilikuwa na nguvu, na nguvu zote zilikwenda magurudumu ya nyuma. Nilitabasamu peke yangu.

Lakini kumbukumbu hizo zina mwiba, na nitausema. Katika safari zote mama alikaa nyuma. Mbele walikaa rafiki za baba, wachuuzi wa mbuzi. Hata kiti cha mbele kikiwa kitupu, mama alikuwa nyuma, katikati, kama mzigo. Nilipofika sekondari niliona aibu kwa niaba yake. Sikumsamehe baba jambo hilo, hata siku ya mazishi.

Tulipoacha lami tukaingia kwenye udongo mweusi. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na udongo ule ukilowa huteleza kuliko sabuni. Nilikumbuka mafunzo ya baba: gia ya pili, mguu mwepesi, breki usiiguse. Kwenye mteremko wa kwanza tako la gari likaondoka kushoto.

"Lifuate! Usukani kushoto!" baba akapaza sauti.

Nikalifuata. Likanyooka, likaondoka kulia, kisha tukasimama kiubavu, magurudumu ya nyuma yakizunguka bure na kurusha tope hadi madirishani. Ilikuwa saa nne na dakika thelathini na tano. Simu ikalia.

"Sis, mko wapi?" Ledama akauliza. "Pastor amefika, na hawezi ngoja!"

Baba akageuka kutazama nyuma. "Mbona nyuma ni nyepesi hivi? Mawe iko wapi?"

"Nilitoa, Papa."

"Yote?"

"Yote."

Nilisubiri matusi. Baba akaangaza macho pande zote, tambarare tupu, hata jiwe la kumfukuzia mbwa hakuna. Kisha akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia mwaka mzima.

"Nakerai, mtoto wangu, hizo mawe niliweka baada ya mazishi. Kabla ya hapo sikuwa na haja ya mawe. Nilikuwa na mama yako."

Sikuelewa.

"Wewe ulikuwa tumboni," akasema. "Tunakimbia hospitali Kajiado, mvua kama hii, tukakwama. Mama yako ni mtu wa Bungoma, anajua matope kuliko mimi. Akatoka hapa mbele, akaenda kukaa kiti cha nyuma, juu ya magurudumu. Akasema, 'Lemein, leo niko na uzito ya watu wawili, tumia hiyo.' Gari ikashika. Ukazaliwa tukishafika tu."

"Na kiangazi je?" Nilikuwa na hasira ya miaka ishirini, na sikuwa tayari kuiachilia. "Kiangazi hakuna matope. Mbona hukumrudisha mbele?"

"Nilimwambia arudi. Kila mwaka nilimwambia. Alikuwa anakataa tu, na hakuwahi kuniambia kwa nini."

Akafungua mlango, akakanyaga tope na viatu vyake vya ibada, akaingia nyuma. Akakaa katikati, pale kiti kilipobonyea kwa mama.

"Twende," akasema.

Niliachilia klachi polepole. Magurudumu yakauma udongo, gari likajivuta, likanyooka, likapanda. Nikainua macho kwenye kioo nimtazame kama yuko salama, nikakutana na macho yake. Alikuwa analia.

"Kumbe ukikaa hapa," alisema, "dereva anaonekana uso wote."

Hakuondoa macho kwenye kioo kile mpaka nyumbani. Saa tano kasoro dakika mbili nilizima injini mbele ya watu waliosimama kaburini, nikashuka, nikamfungulia mlango wa nyuma. Mkono wake ulikuwa mwepesi mkononi mwangu.

"Nisamehe, Papa," nikasema.

"Ya nini?"

Mchungaji alikuwa anatuita. Nilitamani kumwambia ile hasira ya miaka yote juu ya kiti cha nyuma, lakini watu walikuwa wakitungoja.

"Ya mawe," nikasema.